Raha kwa Wote na Swali la Jamii Bora: Uhakiki wa Brave New World kwa Kurejelea Riwaya za Shaaban Robert

Ikisiri

Makala haya yanahakiki wazo kwamba jamii iliyojengwa juu ya raha ya kila mmoja ni jamii bora. Matini ya msingi ni riwaya ya Aldous Huxley, Brave New World (1932), inayosomwa sambamba na Kusadikika na Utubora Mkulima za Shaaban Robert. Inaelezwa kwamba pingamizi lililozoeleka dhidi ya jamii ya namna hiyo, yaani kwamba binadamu anahitaji mateso ili awe binadamu kamili, ni dhaifu. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba jamii inayojipima kwa raha peke yake inaweza kumdhulumu mtu kabla hajapata uwezo wa kulalamika, kisha ikaukubali ukimya wake kuwa ushahidi wa wema wake. Makala yanahitimisha kwamba raha inaweza kuwa tunda la jamii bora, lakini haiwezi kuwa msingi wake.

1.0 Utangulizi

Swali la jamii bora si geni katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert alilishughulikia katika Kusadikika (1951), akalirejea katika Kufikirika, na akalipa sura ya mtu mmoja katika Utubora Mkulima (1968). Katika kazi hizo anauliza utawala uweje, sheria iweje na mtu aishije ili nchi iwe njema. Ni nadra, hata hivyo, kwa wahakiki wetu kuliuliza swali hilo kwa upande wa raha. Ikiwa kila mtu katika nchi ana raha, tangu mtawala hadi mfagizi, kumebaki nini cha kudai?

Swali hili si la kinadharia tu. Mwanasiasa anayeomba kura, mfanyabiashara anayetangaza bidhaa na mtaalamu anayechora mpango wa maendeleo, wote kwa namna moja au nyingine huahidi kwamba maisha yatakuwa mepesi na watu wataridhika. Ikiwa kuridhika ndicho kipimo cha mwisho, basi jamii iliyowaridhisha watu wake wote imekwisha kushinda mtihani, bila kujali imewaridhisha kwa njia gani. Riwaya ya Huxley inafaa kulichunguza jambo hili kwa sababu haikwepi ugumu wake. Mwandishi hakubuni nchi inayojidai kuwa na raha huku watu wake wakilia gizani. Alibuni nchi ambayo raha yake ni ya kweli.

2.0 Raha, Furaha na Heri

Kabla ya kuisoma riwaya, ni vema kutenganisha maneno. Kiswahili kina msamiati mpana kuhusu hali njema ya mtu: raha, starehe, anasa, furaha, faraja, ridhaa na heri. Raha na starehe yana asili ya Kiarabu na yanatokana na shina moja linalohusu mapumziko. Maana hiyo ingalipo. Anayesema “sasa nimepata raha” mara nyingi anamaanisha kwamba mzigo umetuliwa au maumivu yamekoma. Furaha ni msisimko wa moyo kwa sababu ya jambo fulani. Mtu hufurahi kwa kuwa mwanawe amefaulu au mgeni wake amewasili. Anasa hubeba lawama, kwa kuwa ni raha iliyovuka mpaka. Heri ni neno la daraja nyingine, kwani mtu anaweza kuwa katika jambo la heri huku akiwa na uchovu na hofu. Mwenye kumuuguza mzazi wake yumo katika heri, japo hana raha.

Katika falsafa ya Uingereza, Jeremy Bentham aliyakusanya mengi ya haya katika mizani moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alishikilia kwamba ubora wa tendo hupimwa kwa wingi wa raha linayoleta na uchache wa maumivu. John Stuart Mill, aliyekulia katika mkondo huohuo, aliona mizani hiyo ni nyembamba. Katika insha yake ya mwaka 1861 alitofautisha raha za juu na raha za chini, akawafanya waamuzi kuwa wale waliozionja zote mbili. Marekebisho ya Mill yana umuhimu katika mjadala huu kwa sababu yanadai kitu ambacho Dola ya Dunia ya Huxley haina, yaani watu wenye fursa ya kuonja zaidi ya aina moja ya maisha na kutoa hukumu.

3.0 Raha katika Dola ya Dunia

Riwaya inaanzia London katika mwaka wa 632 baada ya Ford, kalenda inayohesabiwa tangu kuundwa kwa gari la Model T. Watoto hawazaliwi na mama, bali hutengenezwa katika chupa. Kiini tete kimoja huweza kugawanywa hadi kutoa pacha 96. Watu wamepangwa katika matabaka matano, kuanzia Alfa hadi Epsiloni, na kila tabaka hufundishwa likiwa usingizini kuipenda nafasi yake. Hakuna ndoa, hakuna uzee unaoonekana, hakuna njaa wala vita. Huzuni ikichungulia, kuna dawa iitwayo soma, ambayo hutuliza bila kuacha uchovu wa ulevi. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuiona kejeli ya sadfa hii ya majina, kwa maana katika dola hiyo watoto wa tabaka la Delta huoneshwa vitabu na maua, kisha hushtuliwa kwa king’ora na umeme mpaka wavichukie maisha yao yote.

Jina la riwaya limetoka katika tamthiliya ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Tufani. Anayelisema neno hilo katika tamthiliya ni Miranda, msichana aliyekulia kisiwani ambaye anawaona watu wengi kwa mara ya kwanza na kustaajabia uzuri wao, asijue kwamba baadhi yao ndio waliomsaliti baba yake. Kwa kulichagua jina hilo, Huxley anatutahadharisha mapema kwamba mshangao wa asiyekuwa na cha kulinganisha si hukumu ya kuaminika.

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hana budi kukiri nguvu ya dola hiyo. Ukilinganisha na Omelas, mji wa kubuni katika hadithi fupi ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1973, London ya Huxley inaonekana kuwa na haki zaidi. Katika Omelas furaha ya wote inategemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa katika chumba kichafu, na kila raia anajua. Kosa la mji huo ni rahisi kuliona kwa kuwa raha yake si ya wote. Katika London ya Huxley hakuna mtoto aliyefungiwa. Epsiloni anayeendesha lifti ana raha yake, na hatamani kuwa Alfa. Anayetaka kuihukumu dola hii lazima atafute kosa lisilolia.

4.0 Hoja ya Mateso na Udhaifu Wake

Jibu linalotolewa mara nyingi, hata madarasani, ni kwamba jamii hii haifai kwa sababu imeondoa mateso, na pasipo mateso hakuna upendo, ushujaa wala sanaa. Jibu hili lina mizizi katika riwaya yenyewe. John, aliyezaliwa katika hifadhi ya New Mexico na kulelewa nje ya dola, anadai mbele ya mtawala Mustapha Mond haki ya kuugua, kuzeeka na kuteseka. Helmholtz Watson naye, ambaye ni mtunzi, anacheka anaposomewa kisa cha Romeo na Juliet, kwa sababu katika ulimwengu wake baba na mama ni maneno ya aibu na hakuna anayenyimwa ampendaye.

Jibu hili linavutia, lakini halitoshi. Kwanza, ni rahisi kulitoa ukiwa umeshiba. Mama aliyekaa wodini na mtoto mwenye malaria hahitaji kuambiwa kwamba uchungu wake unampa kina cha utu, anahitaji dawa. Kama sanaa bora ingehitaji mtoto yule afe, basi afadhali sanaa ipungue. Pili, hoja hii inaweza kugeuzwa kuwa silaha mkononi mwa mwenye nguvu, ambaye daima hupendelea kuwaona wengine wakikomazwa na shida.

Hekima ya jadi hutumiwa vibaya kwa namna hiyohiyo. Methali isemayo “Baada ya dhiki faraja” hunukuliwa kana kwamba inaamuru dhiki. Ukweli ni kwamba inamfariji aliyekwisha kuwamo katika dhiki. Haimwambii asiye nayo akaitafute. Vivyo hivyo “Mchumia juani hulia kivulini” haitukuzi jua. Inachosisitiza ni uhusiano baina ya mchumaji na kivuli chake, kwamba kivuli ni matokeo ya jasho analolijua mwenyewe. Uhusiano huo ndio uliokatwa katika London ya Huxley, na hapo ndipo uhakiki unapaswa kuelekezwa.

Riwaya yenyewe haimpi John ushindi. Anajitenga katika mnara, anajichapa mijeledi, anamgeuzia Lenina mjeledi huo, na mwisho anajinyonga. Lenina anastahili kuangaliwa zaidi ya anavyoangaliwa kwa kawaida. Ndiye anayeanza kumtamani mtu mmoja tu, kinyume na malezi yake, lakini John anamwona kuwa kishawishi kilichovaa mwili wa mwanamke, na msimulizi hampi nafasi ya kujieleza. Taswira ya wenyeji wa hifadhi nayo ni ya juujuu, imejaa uchafu na mijeledi. Huxley mwenyewe, katika dibaji aliyoiandika mwaka 1946, alikiri kwamba alimpa John njia mbili tu, zote za wendawazimu, na kwamba kama angeiandika upya angeongeza ya tatu. Kwa hiyo anayemfanya John kuwa jibu la riwaya anadai kuliko mwandishi alivyodai.

5.0 Dhuluma Kabla ya Kinywa

Kosa la Dola ya Dunia liko nyuma zaidi, katika chupa. Kiini tete cha Epsiloni hupunguziwa oksijeni ili ubongo wake usikue. Tendo hili hufanywa kabla ya kuwapo mtu wa kulipinga. Atakapozaliwa, atakuwa hana uwezo wa kujua alichopunguziwa, na hivyo ataridhika kikwelikweli. Katika Omelas aliyedhulumiwa analia. Hapa kinywa cha kulilia kimeondolewa.

Mtetezi wa raha anaweza kuuliza: ikiwa Epsiloni haoni upungufu wowote, nani amedhurika? Tufikirie mtu anayeuharibu usikivu wa mtoto mchanga kwa makusudi, kisha akamlea kwa upendo pasipo mtoto kuutamani muziki hata siku moja. Hatuwezi kusema kwamba hakuna dhara kwa sababu hakuna lalamiko. Dhara limo katika kumfanya mtu awe mdogo ili amfae mwingine, na kutokulalamika kwake ni sehemu ya dhara hilo. Mizani inayopima raha peke yake haiwezi kuliona, kwa kuwa inaanza kupima baada ya kazi kukamilika. Amartya Sen ametoa hoja inayokaribiana na hii kuhusu umaskini, kwamba aliyekaa muda mrefu katika unyimwaji hujifunza kutamani kidogo, na kuridhika kwake si kipimo cha hali yake.

Historia ya pwani yetu inaifahamu hoja hii. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba, amri haikumweka huru kila mtumwa papo hapo. Mtumwa mwenyewe alipaswa kwenda kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya mpango huo hadi 1909. Miongoni mwa hoja zilizotumiwa kutetea mwendo huo wa polepole ni kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mpole na watumwa wengi waliridhika. Yawezekana baadhi yao waliridhika. Lakini kuridhika kwa mtu asiye na shamba, asiye na jamaa wa kumpokea na asiyejua atakula wapi kesho hakuthibitishi uhalali wa hali yake. Kunaeleza tu jinsi njia nyingine zilivyozibwa.

Katika muktadha huu, Kusadikika inasomeka kwa upya. Nchi hiyo inayoelea angani haina raha. Wajumbe wake sita waliopelekwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya manufaa walirudi na mapendekezo, wakalipwa kifungo. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Tulizingatie kosa lenyewe, kwamba Karama hakuiba wala hakuua, bali aliwapa watu lugha ya kudai. Shaaban Robert, aliyeandika chini ya utawala wa kikoloni, aliona kwamba mtawala dhalimu haogopi sana shida ya watu kama anavyoogopa uwezo wao wa kuitaja.

Hata hivyo, Kusadikika inamfunga mtu kwa kuwa inatambua kwamba ana kinywa. Tena Karama anasikilizwa barazani, anajitetea kwa hoja, na hatimaye anaachiliwa pamoja na wajumbe waliokuwa gerezani. London ya Huxley haina haja ya gereza la namna hiyo kwa walio wengi. John anapozitupa dirishani dawa za Madelta waliokuwa wakingoja mgawo, hawamjibu kwa hoja. Wanaghadhabika, na polisi wanawapulizia mvuke wa soma mpaka wakumbatiane. Kati ya nchi hizi mbili, ile yenye dhiki ndiyo yenye mlango wa kurekebishika. Sababu yake si dhiki, bali ni kwamba ndani yake yumo anayeweza kusema “hapana” na hapana yake ikawa neno.

6.0 Mlinzi wa Raha

Pingamizi la pili linatokana na mtawala mwenyewe. Mustapha Mond amesoma vitabu vilivyopigwa marufuku. Ujanani alikuwa mwanasayansi hodari, akatakiwa kuchagua baina ya kupelekwa kisiwani na kuingia katika utawala. Alichagua kuitumikia raha ya wengine, na anajua alichokitoa. Katika tukio fupi lenye uzito mkubwa, anaizuia makala ya baiolojia isichapishwe, si kwa sababu ni ya uongo, bali kwa hofu kwamba itawafanya watu wa matabaka ya juu waanze kuamini kuwa lengo la maisha si raha bali ni kupanuka kwa fahamu na maarifa.

Tukio hili linabomoa dai la dola kutoka ndani. Ikiwa raha ndiyo wema wa mwisho, mtu mwenye maarifa mengi kuliko wote katika dola angepaswa kuishi kwa raha. Mond haishi hivyo. Anaishi kwa wajibu. Jamii ya raha kwa wote inahitaji angalau watu wachache wasioongozwa na raha, wanaojua ukweli na kuuficha. Kwa hiyo haiwezi kuwa ya wote kwa maana kamili, na haiwezi kujieleza hadharani kwa watu wake bila kuwaharibia raha hiyo. Jamii inayoharibika inapoelezwa ukweli wake ina kasoro ambayo wingi wa raha hauwezi kuifidia. Robert Nozick, katika kitabu cha mwaka 1974, aliuliza kama mtu angekubali kuunganishwa maisha yake yote na mtambo unaompa tajiriba yoyote anayoitaka. Wengi husita, na kusita huko kunaonesha kwamba tunataka kutenda na kuwa, si kuhisi tu. Tofauti ni kwamba mtu wa Nozick anaulizwa kabla ya kuunganishwa. Raia wa Huxley hakuulizwa.

7.0 Njia ya Tatu

Miaka 30 baada ya Brave New World, Huxley aliandika Island (1962), riwaya inayoijaribu ile njia ya tatu. Katika kisiwa cha Pala raha haidharauliwi. Watu wanapenda, wanakula vizuri, na wana dawa yao. Lakini dawa hiyo hutolewa kwa vijana baada ya kupanda mwamba wa hatari, na imekusudiwa kuwafumbua macho, si kuwasahaulisha. Hata ndege wa kisiwani wamefunzwa kuwakumbusha watu wawe macho. Mwishoni Pala inavamiwa na jirani mwenye jeshi na tamaa ya mafuta, jambo linaloonesha kwamba mwandishi hakudhani hekima peke yake inatosha kuilinda nchi.

Utubora wa Shaaban Robert yuko karibu na Pala kuliko London. Anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Mhakiki wa haraka atasema kwamba mhusika huyu anaikimbia raha. Usomaji wa makini unaonesha kwamba anaihamisha kutoka katika malipo na kuitia katika kazi yenyewe, na katika ujirani unaotokana na kazi hiyo. Raha yake ni kivuli cha mchumaji. Inawezekana kumlaumu Shaaban Robert kwa kutuchorea mtu mwema mno, na kwa kutatua kwa tabia ya mtu mmoja jambo linalohitaji mabadiliko ya mfumo. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, Utubora anabaki na kitu ambacho Dola ya Dunia iliwanyang’anya watu wake: alijua maisha ya aina mbili, akachagua, na angeweza kueleza kwa nini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba jamii ya raha kwa wote haikosei kwa kuondoa njaa, ugonjwa na hofu. Mambo hayo yanastahili kuondolewa, na fasihi haina haki ya kuyatetea kwa kisingizio cha kina cha utu. Inakosea pale inapoifanya raha kuwa shahidi pekee wa wema wake, kwa maana shahidi huyo anaweza kutengenezwa. Kipimo kinachopendekezwa hapa kina maswali mawili. Je, kila mwanajamii ameachiwa uwezo wa kuihukumu jamii yake? Je, jamii inaweza kumweleza ukweli kuhusu namna ilivyomfanya alivyo, bila kuanguka? London ya Huxley inashindwa yote mawili. Kusadikika inashindwa la pili kwa muda mrefu, lakini la kwanza halijafutika ndani yake, na ndiyo sababu Karama anatoka barazani akiwa hai.

Kwa wahakiki wa riwaya ya Kiswahili, usomaji huu unaelekeza kwenye kazi zaidi. Jamii bora katika Shaaban Robert imezoea kujadiliwa kwa upande wa maadili na utawala. Inafaa sasa ijadiliwe pia kwa upande wa matamanio: wahusika wake wanatamani nini, nani amewafundisha kuyatamani hayo, na ni wapi katika matini wanapopewa nafasi ya kuyakataa.